Uthabiti wa Jiwe, Usahihi wa Kuazima

Ndani ya saa ya mkononi ya bei nafuu, ndani ya simu, ndani ya redio na kompyuta, na ndani ya kila mtambo upelekao habari kutoka mji hata mji, mna kipande cha jiwe la kwatzi kilichokatwa kikawa chembamba na kufungiwa katika kifuko cha chuma, nacho hutetemeka usiku na mchana pasina kuonekana wala kusikika, na kwa kutetemeka huko ndipo mashine zetu zinapojua sekunde imeanza wapi na imekoma wapi. Kipande kilichomo katika saa ya mkononi, ambacho umbo lake ni la uma wa meno mawili, hutetemeka mara 32,768 kwa kila sekunde. Na idadi hiyo haikuja kwa bahati nasibu, kwani ukiigawa kwa mbili, na jawabu ukaligawa tena kwa mbili, ukaendelea hivyo hata mara ya 15, hubakia moja kamili, na hiyo moja ndiyo sekunde inayousogeza mshale. Saa ya namna hiyo aghalabu hupotoka kwa sekunde kumi au ishirini kwa mwezi, na mwenyewe wala hajali, maana nani aliyepata kukosa basi au swala kwa ajili ya sekunde kumi?

Lakini wapo watu ambao upotofu wa kadiri hiyo hauwaridhishi hata kidogo. Hawa ni mafundi wa nyumbani, wengine wahandisi waliostaafu, wengine wanafunzi, wengine wapenzi wa redio tu, ambao katika chumba cha uani au pembe ya sebule wameweka meza, pasi ya kulehemu, osiloskopu iliyonunuliwa mtumba, yaani chombo kinachoyaonyesha mawimbi ya umeme kiooni, na juu ya yote osileta ya kwatzi, yaani kile chombo kinachoutetemesha umeme kwa kulifuata jiwe. Haja yao si ya upuuzi. Mpenzi wa redio anayezungumza na mwenziwe katika masafa ya gigahezi 10, mathalani, akiwa na osileta iliyopotoka kwa sehemu moja tu katika milioni, sauti yake huangukia kilohezi 10 kando ya pale anapongojewa, ilhali sauti ya mtu mmoja katika redio za namna hiyo haichukui nafasi ya zaidi ya kilohezi 3. Basi wataitana usiku kucha, kila mmoja akidhani mwenziwe amelala. Na fundi mwenye chombo cha kuhesabia masafa mezani pake hawezi kukiamini chombo hicho kupita anavyoliamini jiwe lililomo ndani yake, kwa kuwa kila hesabu kinayoitoa imepimwa kwa sekunde za jiwe hilo.

Asiyeijua kazi hii hudhani kwamba kuiweka sawa osileta ni kazi ya bisibisi: hapa utakaza, pale utalegeza, na mambo yamekwisha. Hasha. Bisibisi ina sehemu ndogo mno katika shughuli hii, nayo sehemu kubwa ni kulinganisha na kungoja. Kwa sababu jiwe, hata likiwa bora namna gani, lina uthabiti wa kwake lakini usahihi halina, na usahihi ni lazima uazimwe kutoka mahali pengine.

Tuanze na jiwe lenyewe. Mnamo mwaka 1880 ndugu wawili wa Paris, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba kipande cha kwatzi kikibanwa, nyuso zake hupata chaji za umeme. Na mwaka uliofuata mwanachuoni Gabriel Lippmann akaonyesha kwa hesabu kwamba kinyume chake nacho hakina budi kuwa kweli, yaani jiwe likitiwa umeme litajikunja au kujinyoosha, jambo ambalo ndugu wale walilithibitisha kwa majaribio bila ya kukawia. Ugunduzi huo ulikaa karibu miaka arobaini bila ya kazi kubwa, hata ilipozuka Vita ya Kwanza ya Dunia, Mfaransa Paul Langevin akautumia kupeleka mlio chini ya maji ili kuzitafuta nyambizi. Baada ya vita Walter Guyton Cady, mwalimu wa fizikia katika chuo cha Wesleyan huko Middletown, Connecticut, akaona kwamba kila kibamba cha kwatzi kina masafa yake yenyewe, nayo masafa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde moja, na kwamba hakikubali kutetemeka vyema ila kwa masafa hayo. Naye mwaka 1921 akaunda osileta iliyotawaliwa na kwatzi. George Washington Pierce wa Harvard akairahisisha ikawa ya valvu moja tu, na mwaka 1927 Warren Marrison na J. W. Horton, katika maabara za Bell, wakaunda saa ya kwanza ya kwatzi.

Namna inavyofanya kazi si ngumu kufahamika. Jiwe likitetemeka hutoa umeme hafifu. Umeme huo hupelekwa kwenye transista, nayo ikaukuza. Sehemu ya umeme uliokuzwa hurudishwa kwenye jiwe, likasukumwa litetemeke tena, na duru hiyo ikaendelea maadamu betri ina nguvu. Siri yote ni kwamba jiwe hupoteza nguvu kidogo mno kwa kila mtetemo, na kwa hiyo halisumbuliwi upesi na upungufu wa viungo vingine vinavyolizunguka. Masafa yake hutegemea unene wake: kibamba kilichokatwa kwa mkato uitwao AT, ambao pembe yake ni nyuzi 35 na dakika 15 hivi kutoka katika mhimili wa fuwele, kikiwa na unene wa milimita 1.66 hutetemeka kwa megahezi 1, na kikipunguzwa hata kufikia milimita 0.166 hutetemeka kwa megahezi 10. Mkato huo, uliopatikana katika miaka ya 1930, ulipendwa kwa sababu masafa yake hayabadiliki sana kwa joto la kawaida la chumba.

Cady mwenyewe alitambua mapema kwamba kuwa na jiwe thabiti ni jambo moja, na kuyajua masafa yake ya kweli ni jambo jingine. Mwaka 1923 alisafiri na vibamba vyake mpaka Italia, Ufaransa na Uingereza, akavipeleka katika maabara za huko ili kila moja ivipime kwa vipimo vyake, na kwa njia hiyo vipimo vya nchi mbalimbali vikalinganishwa kwa mara ya kwanza uso kwa uso, mawe yakiwa ndiyo mashahidi. Chukua mfano wa mizani: mizani ya muuza duka yaweza kusema gramu 1,000 kila inapowekewa gramu 950, leo, kesho na mwaka ujao, isibadilike hata kidogo. Uthabiti wake hauna dosari, na bado mnunuzi anadhulumiwa, wala hapana kitu ndani ya mizani hiyo kiwezacho kuufichua uongo wake mpaka aje mkaguzi na jiwe la kilo lililopigwa muhuri. Osileta nayo ni vivyo hivyo.

Hata uthabiti wenyewe, ambao nimesema ni wa jiwe, una maadui zake, na fundi hana budi kuwafahamu kabla ya kuigusa parafujo. Wa kwanza ni joto. Osileta ya kawaida isiyo na kinga yaweza kupotoka kwa sehemu kumi au ishirini katika milioni kati ya baridi ya alfajiri na jua la adhuhuri. Dawa ya maradhi haya ni kuliweka jiwe ndani ya tanuri dogo, lililodhibitiwa kwa nyuzi kama 80 au zaidi, kwenye kile kiasi cha joto ambapo masafa ya jiwe hilo hayapandi wala hayashuki joto likibadilika kidogo. Kwa matanuri haya ulipatikana katika miaka ya 1970 mkato mwingine, uitwao SC, ambao husumbuliwa kidogo zaidi na misukosuko ya kupashwa moto na kubanwa. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam aweza kuuliza ikiwa joto la pwani halitaliharibu tanuri hilo. Jawabu ni kwamba tanuri huweza kupasha moto tu, haliwezi kupoza, na maadamu chumba chake kiko chini sana ya nyuzi 80, hapana neno. Taabu ya huku ni kukatika kwa umeme, kwa sababu jiwe likipoa kisha likapashwa tena, halirudi barabara pale lilipokuwa. Basi asiye na betri ya akiba atakuwa akianza upya kila umeme urudipo.

Adui wa pili ni umri. Vumbi na mvuke visivyoonekana hutua juu ya uso wa jiwe au hubanduka, vishikizo vyake hulegea taratibu, na masafa yakasogea siku baada ya siku, kwa kasi mwanzoni na polepole baadaye. Adui wa tatu huwastaajabisha wengi, naye ni uzito wa dunia: ukiipindua osileta juu chini, jiwe hujipinda kwa uzito wake lenyewe upande mwingine, na masafa hubadilika kwa sehemu chache katika bilioni. Kwa sababu hiyo mwenye kuiweka sawa osileta huiweka kwanza mahali itakapokaa, kwa ubavu itakaoukalia, ndipo aanze kazi.

Mafundi wa zamani waliyarekebisha masafa kwa kuligusa jiwe lenyewe. Wapenzi wa redio wa miaka ya 1930 na 1940 walikuwa wakikifungua kifuko, wakakiweka kibamba juu ya kioo kilichonyunyiziwa maji na unga wa kaborandumu, wakakisugua kwa kidole kimoja kwa mwendo wa tarakimu nane ili kisiliwe upande mmoja, kisha wakakiosha, wakakijaribu, na kukisugua tena. Kila kilipopungua unene masafa yalipanda, na aliyepitiliza alipaka ncha ya penseli juu ya uso wake ili uzito wa risasi ile ya penseli uyashushe kidogo. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia jeshi la Marekani, ambalo redio zake zilihitaji mamilioni ya vibamba vya namna hii, likaona vingi vikiharibika ghalani baada ya miezi michache. Ikabainika kwamba kusugua kulikuwa kumeacha juu ya jiwe tabaka la vipande vilivyopasuka, navyo vikibanduka kidogo kidogo kwa unyevu. Tangu hapo hatua ya mwisho haikufanywa tena kwa unga wa kusugulia bali kwa asidi iliyokula tabaka lile lililovunjika na kuacha jiwe safi.

Siku hizi fundi wa nyumbani halifungui jiwe. Pembeni mwake huwekwa kapasita ndogo ya kuzungushwa, na sheria yake ni nyepesi: uwezo wa kapasita ukiongezeka, masafa hushuka, ukipungua, hupanda. Katika osileta bora huongezwa dayodi maalumu ambayo hufanya kazi ya kapasita kwa kuongozwa na volti, ili marekebisho madogo kabisa yafanywe kwa potenshometa ya mizunguko 10 bila ya kukisogelea chombo. Bisibisi yenyewe iwe ya plastiki au ya kauri, kwa kuwa ya chuma, pamoja na mkono unaoishika, huongeza uwezo wake katika sakiti; ukiiondoa, masafa hurukia kwingine, nawe utakuwa umelisahihisha jiwe pamoja na mkono wako.

Hebu tumtazame fundi mmoja kazini, tuseme ameipata osileta ya Hewlett-Packard iitwayo 10811, ambayo iliundwa kwa ajili ya vyombo vya kupimia vya kampuni hiyo, na ambayo, vyombo hivyo vilipochakaa, ikaingia katika soko la mitumba na kupendwa mno na watu wa kazi hii. Ni kisanduku cha kushikika kwa mkono mmoja, chenye jiwe la mkato wa SC na masafa ya megahezi 10. Huhitaji njia mbili za umeme: volti 12 zilizotulia kwa sakiti ya osileta, na volti baina ya 20 na 30 kwa tanuri. Fundi huifunga mahali pake, huikinga na upepo wa feni, huiwasha, kisha huondoka. Baada ya dakika kama kumi tanuri huwa limefika joto lake, na mwenye pupa hudhani wakati umewadia. Mwenye kuijua kazi huiacha siku nzima kwa uchache, na akiweza, majuma kadhaa, kwa maana jiwe lililokaa muda mrefu bila ya moto hutambaa sana siku zake za mwanzo.

Sasa usahihi ataazima wapi? Zamani alikuwa na redio ya mawimbi mafupi tu. Vituo kama WWV cha Marekani, kilichopo Fort Collins, Colorado, hurusha masafa yaliyopimwa kwa saa za atomu, megahezi 10 yakiwemo. Fundi huusogeza waya wa osileta yake karibu na antena, na mawimbi mawili yakikutana redioni husikika mvumo unaopanda na kushuka, mara moja kwa sekunde ikiwa tofauti ni hezi 1, na polepole zaidi kadiri yanavyokaribiana. Njia hii ni nzuri na haina gharama, bali ina mpaka wake, kwani mawimbi hayo hufika kwa kudundia tabaka za juu za anga, na tabaka hizo hupanda na kushuka, nazo huyachezesha masafa yanayopokewa hata yakapotoka kwa kadiri ya sehemu moja katika milioni kumi. Leo aghalabu hutazamwa satelaiti za GPS. Kila moja ina saa za atomu, na sekunde yao hutoka katika kipimo kilichokubaliwa na mataifa mwaka 1967, yaani mizunguko 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya sizi. Kipokezi kidogo chenye antena juu ya paa, mahali panapoona mbingu pasipo kizuizi, huiteremsha sekunde hiyo mpaka mezani, na vipo vipokezi vinavyotoa kabisa megahezi 10 iliyokwisha kuongozwa na satelaiti.

Fundi huyaingiza masafa hayo ya kuazima katika njia ya kwanza ya osiloskopu, akaiamuru iyafuate hayo, na ya osileta yake akayaingiza katika njia ya pili. Wimbi la kwanza husimama tuli kiooni. La pili hutembea: likielekea kushoto, osileta ina haraka, likielekea kulia, inachelewa. Wimbi moja la megahezi 10 huchukua nanosekunde 100. Basi likipita wimbi zima kwa kila sekunde, tofauti ni hezi 1, nayo ni sehemu moja katika milioni kumi. Fundi huizungusha parafujo iliyofichwa nyuma ya tundu dogo, kwa kiasi cha upana wa ukucha, na mwendo wa wimbi hupungua. Likichukua sekunde 10 kupita, amefika sehemu moja katika milioni mia. Likichukua sekunde 100, amefika sehemu moja katika bilioni, na saa ya kadiri hiyo ingepotoka kwa sekunde moja tu katika miaka zaidi ya thelathini. Hapo huiweka bisibisi chini, akafunga tundu, kwa kuwa kufungua kwenyewe kumeingiza hewa na kulisumbua tanuri, na akangoja tena kabla ya kuendelea kwa ile volti ya kuongozea, ambayo katika osileta hii huanzia volti 5 za hasi hata volti 5 za chanya.

Kutoka hapa mbele, kungoja si adabu tu bali ndicho kipimo chenyewe. Akitaka kufikia sehemu moja katika bilioni kumi, wimbi moja litachukua sekunde 1,000, yaani karibu dakika 17, kupita kiooni, wala jicho haliwezi kuuona mwendo huo. Huweka alama, akaenda zake, akarudi kutazama. Nayo satelaiti haikosi kuyumba kwake. Tuseme mapigo ya kipokezi hutangulia au huchelewa kwa nanosekunde 20: mwenye kupima kwa sekunde moja hawezi kujua lolote dogo kuliko sehemu mbili katika milioni mia, lakini mwenye kupima kwa sekunde 10,000, nazo hazifiki saa tatu, kuyumba kule kule humpotosha kwa sehemu mbili tu katika trilioni. Kwa muda mfupi jiwe ni tulivu kuliko satelaiti, na kwa muda mrefu satelaiti ni ya kweli kuliko jiwe. Na ustadi wa fundi umo katika kujua wa kumsikiliza ni yupi, na kwa saa ngapi.

Ndiyo maana mwenye kuigusa osileta yake kila asubuhi huiharibu. Aliyoyaona jana pengine yalikuwa kuyumba kwa kipokezi, na leo amelisogeza jiwe lisilo na kosa ili lifuate kosa la chombo kingine, na kesho atalirudisha. Fundi mzoefu huweka daftari, akaandika tarehe, joto la chumba, volti ya kuongozea na upotofu uliopimwa, na baada ya majuma machache huona mstari: jiwe lake, tuseme, hupanda kwa sehemu moja katika bilioni kumi kila siku, bila ya kigeugeu. Akisha kuujua mwendo huo hana haja ya bisibisi kwa muda mrefu. Zikipita siku mia, upotofu utakuwa sehemu moja katika milioni mia, na siku atakapotaka kuzungumza na mwenziwe kwa gigahezi 10, kosa hilo litakuwa hezi 100. Nazo, kwa kuwa anajua ziko upande gani, atazitoa kwa hesabu ya penseli kabla hajaita.